Sarafu ya kale si kifusi, usiipeleke motoni!

Leo tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumzie mkwanja. Tena si ule wa kukesha unautafuta. Ni ule uliolala kwenye kopo la bibi yako, umeviringishwa kwenye kitambaa, na hakuna ndani ya nyumba anayejua ni kitu gani.

Hapa Rwamgasa, mkoani Geita, ninakoandikia makala haya, watu wanajua kupima. Mtoto wa shule ya msingi anajua gramu, anajua karati, na akiona mawe yanashushwa karashani anakuambia kama yana kitu au hayana. Mizani midogo ya dijitali utaikuta hadi kwenye kibanda cha chipsi. Ndiyo maana sarafu ya kale ikifika mikononi mwa watu wetu, swali la kwanza ni moja tu: "Ina gramu ngapi?" La pili: "Tuipige moto?"

Hapo ndipo tunapoliwa. Sarafu ya zamani hainunuliwi kwa uzito wake peke yake. Inanunuliwa kwa sura yake, mwaka wake, herufi yake na hali yake. Ukishaiyeyusha umebakiwa na kipande cha chuma, sawa na mtu aliyechoma hati ya nyumba ili apate majivu.

HELA ILITOKA WAPI?

Kabla hatujafika mbali, hebu jiulize: haya majina ya fedha tunayoyataja kila siku yametoka wapi? Unasema "sina hela". Hela ni Heller, sarafu ndogo ya Mjerumani iliyoanza kutumika kwenye koloni lake la Afrika Mashariki mwaka 1904. Unasema "nitumie pesa". Pesa ni neno lililovuka bahari kutoka India, na mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani iliyotawala huku ilitoa sarafu ya shaba yenye jina hilohilo, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Leo unatuma pesa kwa simu na hakuna chuma kinachosogea popote, lakini jina limebaki.

Hesabu zao zilikuwa hivi: mwanzo rupia moja ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 ikawa hela 100. Rupia za fedha za 1890 mpaka 1902 zina picha ya Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita, na nyuma kuna simba na mnazi, nembo ya ile kampuni. Za 1904 mpaka 1914 zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Moja ina uzito wa gramu 11.66 na ni fedha karibu tupu, asilimia 91.7.

Kisha kuna hela moja ya shaba yenye taji, hela 10 yenye tundu katikati, na hela 5 ya 1908 na 1909, dude kubwa la shaba la gramu 20. Ukiweka mfukoni hizo tatu nne, suruali inakuteremka. Tazama pia herufi ndogo: A maana yake ilipigwa Berlin, J ni Hamburg.

Na ipo ya tatu, msomaji wangu. Ukiona herufi T na mwaka 1916, kaa chini kwanza. Hiyo haikutoka Ujerumani. Ilipigwa hapahapa kwetu, Tabora!

TEMBO WA TABORA

Kisa chenyewe ni kitamu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Sarafu hazikuja tena kutoka Ulaya. Serikali ya Mjerumani ikachapisha noti humu humu nchini, lakini raia hawakuzipenda. Askari anataka mshahara, mkulima anataka kulipwa mtama wake, na kila mmoja anataka kitu kinacholia kikianguka mezani. Karatasi inaliaje?

Basi bwana, wakakumbuka Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika huko tangu 1912, na karakana ya reli ilikuwepo. Humo wakapiga sarafu za hela 5 kwa shaba ya njano, na za hela 20, nyingine za shaba ya njano, nyingine za shaba nyekundu, kutokana na vyuma chakavu vilivyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Kisha wakaja na mpya kabisa: sarafu ya dhahabu ya rupia 15.

Dhahabu hiyo waliitoa wapi? Sekenke, kule Iramba, mkoa ambao leo unaitwa Singida. Ndugu zangu mnaoshuka kwenye maduara kila asubuhi, shikeni hilo. Dhahabu ilitoka kwenye mwamba wa nchi hii, ikapigwa kwenye karakana ya nchi hii, na sarafu ikawekewa mnyama wa nchi hii: tembo, ameinua mkonga mbele ya milima. Upande wa pili yupo tai wa Mjerumani. Zilitengenezwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na habari ya tembo ikaishia hapo.

Sasa njoo kwenye lugha tunayoielewa hapa mgodini. Sarafu hiyo ina gramu 7.168, upana wa milimeta 22, na dhahabu yake ni karati 18, yaani 750. Piga hesabu: dhahabu safi iliyomo haifiki gramu 5.4. Mnunuzi wa dhahabu atakulipa hiyo, tena atakukata kidogo. Lakini kwenye minada ya wakusanyaji huko Ulaya na Marekani, tembo halisi aliye katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Umeona tofauti ya moto na macho?

Wenzetu wanaokusanya huenda mbali zaidi. Upande wa tai kuna urembo kama jani linalojikunja. Wanaangalia ncha ya urembo wa kulia imeishia chini ya herufi gani ya OSTAFRIKA. Kama ni chini ya T, hizo zilitoka 9,803. Kama ni chini ya A ya kwanza, zilitoka 6,395. Mtu yuko radhi kuvuka bahari kwa ajili ya tofauti hiyo, ambayo wewe unahitaji kioo cha kukuzia ili kuiona.

YA NJANO SI LAZIMA IWE DHAHABU

Sasa tusidanganyane. Nimezunguka vijiwe vya hapa siku kadhaa nikiuliza nani ana sarafu za kale, na nilichoonyeshwa zaidi ni hela moja za shaba, senti zenye tundu za Mwingereza na rupia mojamoja. Tembo sikumwona. Wengi waliodai wanaye walikuwa na hela 20 ya Tabora, ile ya shaba ya njano.

Kijana mmoja, mchenjuaji, aliniita pembeni ya mwalo kwa siri kubwa. Akafungua kitambaa. "Kaka, cheki hii. 1916, T ipo, njano tupu. Ameniachia babu." Niliiangalia: taji juu, herufi D.O.A., na nyuma 20 HELLER ndani ya matawi. Hakuna tembo. Tena katikati ilikuwa na doa la kijani. Nikamuuliza limetoka wapi. Akasema alimpelekea mnunuzi wa dhahabu, akaikwangua, akaidondoshea tindikali. Ilipochemka kijani, jamaa akamrudishia huku anacheka: "Shaba hii, dogo. Katengenezee kufuli."

Mshikaji alikuwa ameshapigia hesabu mashine ya kuvutia maji. Nilimwambia ukweli: si dhahabu, na hela 20 za Tabora si adimu kama tembo, kwa hiyo asitegemee mashine. Lakini ni sarafu ya vita, imepigwa Tabora, na wapo wanaozitafuta. Ingekuwa haijakwanguliwa wala kumwagiwa tindikali, angepata bei yake. Sasa amebaki na kidonda katikati ya sarafu. Alinyamaza, akaifunga tena kwenye kitambaa. Mnunuzi hakumwibia kitu, alifanya kazi yake ya dhahabu. Ila sarafu ilikuwa imeingia hospitali isiyo yake.

Utaitambuaje bila kuijeruhi? Fuata hatua hizi, vifaa vyote vipo hapahapa.

Kwanza soma. Andika kila herufi na namba unayoiona, pande zote mbili. Pili, pima upana kwa rula, kisha uzito kwa mizani. Tatu, leta sumaku. Dhahabu, fedha na shaba hazishikwi na sumaku. "Rupia" inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi. Nne, angalia ukingo kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mstari umezunguka kama wa kopo lililobandikwa vipande viwili, au uso una vitundu vidogo kama uji uliopoa, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Sarafu halali hupigwa kwa muhuri, haimiminwi.

Tano, kama unahisi ni dhahabu, tumia maji badala ya tindikali. Ining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya maji, uzi ukiwa umefungwa kwenye mizani. Tembo wa kweli atapungua kama nusu gramu tu. Feki ya shaba ya njano yenye uzito huohuo itapungua zaidi ya gramu 0.8. Na feki ya shaba yenye ukubwa uleule wa tembo haitafika gramu 7, itaishia kama 4. Umeshapata jibu na sarafu haina hata mchubuko.

Angalizo moja. Adimu na ghali ni vitu viwili. Kuna senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, yule aliyeacha kiti kabla ya kuvishwa taji. Mfalme mwenyewe alikaa chini ya mwaka mmoja, lakini sarafu zake zilitengenezwa kwa mamilioni. Ukimpata Edward furahi, ila usiache kazi.

ZEBAKI, NDIMU NA MAJIVU

Ugonjwa wetu wa pili ni usafi. Mtu akipata sarafu nyeusi, mkono unamuwasha. Mara majivu, mara ndimu, mara dawa ya meno, mara kipande cha sufi ya chuma cha kusugulia sufuria. Baada ya dakika tano inang'aa kama hereni mpya, naye anajisifu. Kumbe ameua! Ule weusi na ule ukahawia ndio ngozi ya sarafu, imeota kwa miaka mia moja na zaidi. Mjuzi akiangalia anaona mikwaruzo, anashusha bei palepale au anakurudishia.

Wamarekani walilijua hili mapema kwa sababu ya senti zao kubwa za shaba, zilizotolewa kuanzia 1793 hadi 1857. Shaba haina msamaha, ukiisugua mara moja basi. Mwaka 1949 mwenzao William Sheldon alitoa kitabu juu ya senti hizo, humo akaweka kipimo cha 1 mpaka 70. Moja ni sarafu iliyolika hadi inatambulika kwa shida, 70 ni ile isiyo na doa. Kipimo hicho ndicho wanachotumia wakusanyaji wengi mpaka leo. Sarafu iliyosuguliwa huambiwa imesafishwa, na kwa wengi hiyo ni sawa na kuambiwa mgonjwa.

Hapa kwetu kuna hatari ambayo Mmarekani wa senti hakuiwaza: zebaki. Rwamgasa ilishakuwa sehemu ya utafiti wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki kwenye uchimbaji mdogo, miaka ya mwanzo ya 2000. Kila mchenjuaji anajua zebaki inavyokumbatia dhahabu. Sasa sarafu ya dhahabu au ya fedha ukiiweka mfuko mmoja na kichupa kinachovuja, au ukaishika kwa vidole vilivyotoka kwenye beseni, inapata mabaka meupe. Ukisema uyachome yatoke, unavuta mvuke wenye sumu na uso wa sarafu unaharibika. Hasara mbili kwa mpigo, na ile ya mapafu haina mnada wa kuifidia.

Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, badilisha maji, kisha iweke juu ya kitambaa laini na uigandamize taratibu. Usifute. Usipige brashi. Ukiona unga wa kijani unaomomonyoka kwenye shaba, itenge na wenzake na uiweke pakavu, maana ugonjwa huo hupenda unyevu.

WAPI UIWEKE

Ishike kwa ukingo, kama unavyoshika kaseti ya CD. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya dole gumba inaweza kubaki kwenye shaba milele.

Usiiweke kwenye mfuko wa plastiki laini unaonuka, ile inayotoa ute wa kijani baada ya muda. Usiifunge kwa mpira wa kufungia noti wala usiizungushie gazeti, hata kama ni gazeti hili! Mpira na karatasi duni vina vitu vinavyoichafua. Pochi ya ngozi nayo hapana.

Chukua bahasha ndogo za karatasi safi, kila sarafu na yake, zisigongane. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Unavitupa kila siku, kumbe vinanyonya unyevu. Msimu wa masika angalia kopo lako kila mwezi. Wala usilizike chini ya kitanda. Sakafu ya udongo ina maji kuliko unavyodhani.

Na juu ya bahasha andika: ni sarafu gani, mwaka, uzito, nani alikuachia au iliokotwa wapi. Hilo la mwisho usilidharau. Mwaka 1944 Mwaustralia mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizihifadhi kwenye kopo, na kwenye ramani akaweka alama ya X mahali alipoziokota. Miaka thelathini na mitano baadaye zilipochunguzwa, nne zilikuwa za Kidachi na tano zilikuwa za masultani wa Kilwa. Kilwa yetu hii! Bila ile X, leo zingekuwa vipande vya shaba visivyo na kwao.

MATAPELI WA RUPIA

Usije ukaingizwa mjini. Ukiambiwa kuna rupia inayovuta mchele, au yenye zebaki nyekundu ndani, au kwamba kuna tajiri anasubiri hotelini na mabilioni lakini kwanza utume ya usafiri, funga mlango. Rupia ya fedha ni fedha, haivuti mchele wala ugali. Mnunuzi wa kweli anakuomba picha za pande zote mbili, uzito na upana. Haombi kuku mweusi, haombi nauli.

Tuma picha, usitume sarafu. Uliza watu wawili watatu, kila mmoja kivyake. Watu wa makumbusho watakusaidia kujua ulichonacho. Na kabla kitu cha kale hakijavuka mpaka, ulizia kwanza Idara ya Mambo ya Kale, maana tunayo sheria ya mambo ya kale tangu 1964 na vitu vingine haviruhusiwi kutoka bila kibali.

UUZE AU USIUZE?

Hili sitakuamulia. Kuna bibi mmoja jirani na ninapolala, nilimwamkia "Mwangaluka, mayu", tukazoeana. Ana rupia ya 1911 aliyoivaa shingoni, imetobolewa. Mjukuu wake anamsumbua aiuze. Kwa bei ya wakusanyaji, tundu lile limeishusha sana, atapata kidogo tu. Lakini mwenyewe alinieleza kwamba baba yake aliipata kwa kubeba mizigo ya Mjerumani kwa miguu, na kwamba enzi hizo kodi ilikuwa rupia tatu, asiyenayo anapelekwa kazi ya lazima. "Hii moja ilibaki," akasema. "Zile nyingine walizichukua."

Mjukuu alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alikuwa anaijua rupia kwa gramu zake tu.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kabla ya kuwaza mizani, kaa na mwenye kopo umuulize ilikotoka, uandike. Ukiona lazima uuze, kwa sababu shida haina adabu, basi uza ukijua unauza nini, nzima, haijasuguliwa. Ukiweza kuibakisha, ibakishe. Dhahabu ya duara utaitafuta tena kesho. Tembo wa Tabora hawapigwi tena.

Haya, kalifungueni hilo kopo. Taratibu, na mikono iwe mikavu. Tukutane wiki ijayo.